Nilifunga bawa la nyuma kwenye MR2 yangu hapa Nakuru: miezi saba baadaye

Mvua ya Aprili ndiyo iliyoniingiza kwenye haya mambo. Nilikuwa nikitoka mjini kuelekea Lanet, saa moja jioni, nikaingia kwenye mzunguko kwa mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa. Matatu ikanikatia mbele, nikaachilia mafuta ghafla, na mkia wa gari ukaamua kunipita. Nilipotulia nilikuwa nawatazama usoni watu waliokuwa nyuma yangu. Mmoja akanipigia honi kana kwamba nilifanya makusudi.

Gari lenyewe ni Toyota MR2 ya mwaka 1991, kizazi cha pili, injini ya lita 2 isiyo na turbo. Injini hiyo haiko chini ya boneti. Imelazwa nyuma ya viti viwili, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, na buti iko nyuma yake. Ndiyo maana linakata kona vizuri hivyo, na ndiyo maana uzito ukishaanza kuzunguka huko nyuma haukusikilizi tena. Kila anayeliendesha huambiwa mapema asiachilie mafuta katikati ya kona. Nililijua hilo. Mguu ndio haukukumbuka.

Jumapili iliyofuata nikawasimulia wenzangu, na jibu likawa moja: weka bawa juu ya buti, hewa iukandamize mkia chini. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 na kuweka kambi Naivasha, hapa Nakuru kila kijana ni mtaalamu wa hewa, na kila Subaru ina kitu mgongoni. Nami nikaamini. Nikaagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeko Nairobi, shilingi 26,000, na 1,200 za kulisafirisha kama kifurushi.

Tangazo lilisema kaboni. Nilipochana boksi nikakuta faibaglasi iliyovikwa stika ya michoro ya kaboni, nayo ilikuwa imeanza kuinuka kwenye pembe moja kabla hata jua la Nakuru halijaiona. Boliti zilitakiwa nane, zikaja saba. Nikamwandikia muuzaji. Alama mbili za buluu zilitokea, na hadi leo ndilo jibu nililopata.

Ila nisimwonee. Umbo lilikuwa sahihi. Mtaani kila kitu kinachokaa juu ya buti huitwa spoila, lakini spoila kamili hulalia bodi na kazi yake ni kuvuruga hewa inayotaka kuliinua gari. Bawa husimama kwa miguu, hewa ipite juu na chini yake, na limepinda kama bawa la ndege lililogeuzwa tumbo juu. Hili langu lilikuwa limepinda inavyotakiwa. Nililivutia uzi kutoka ncha hadi ncha, likawa limenyooka. Upana sentimita 135, kina 18, miguu miwili ya alumini, na pamoja na miguu uzito wake ni kilo nne na nusu kwenye mizani ya duka la jirani yangu.

Nikalipeleka kwa fundi wa bodi karibu na Shabab, mzee ambaye nilimwona akinyoosha mlango wa lori kwa nyundo na subira. Alifungua buti, akabonyeza bati kwa kidole gumba, likabonyea na kurudi. "Bosi, hii bati ni nyembamba. Ukifunga hii kitu bila sahani chini, siku moja utaiacha Gilgil."

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mimi nilidhani ni kutoboa mashimo na kukaza. Mzee alianza na kadibodi. Alikata ramani ya kila mguu, akatafuta mstari wa katikati wa gari kwa kupima kutoka taa za nyuma pande zote mbili, kisha akapima tena kutoka kwenye kioo, kwa sababu buti ya gari la zaidi ya miaka 30 huenda haijakaa katikati kama zamani. Yangu ilikuwa imehama milimita 4. Angefuata buti peke yake, bawa lingekaa upande na ningelaumu muuzaji.

Alibandika tepu ya karatasi juu ya rangi ndipo akatoboa, tundu dogo kwanza, kisha kubwa. Kingo za kila tundu alizipaka praima na rangi, akaacha zikauke tulipoenda kula chapati na maharagwe. Chini ya buti aliweka sahani za alumini za milimita 3, ukubwa wa kiganja changu, ili mvuto usambae badala ya kukaa kwenye tundu moja. Boliti tulinunua mpya zote nane, za spana ya 13, zenye nati za kujifunga zenyewe, maana kati ya boliti tulizotumiwa mzee alikunja moja kwenye jiliwa kwa mkono mmoja akanitazama bila kusema neno. Sahani, boliti, silikoni na kazi ya siku nzima: shilingi 7,500.

Kosa lake lilikuwa moja tu. Tundu la mwisho upande wa kulia halikupata silikoni. Mvua ya kwanza ikanipa lita kadhaa za maji kwenye buti pamoja na gazeti lililovimba kama mkate. Alirekebisha bure, akaomba radhi, akaniuliza kama gazeti lilikuwa la muhimu.

Sasa, linafanya kazi? Nguvu ya bawa hukua kwa mraba wa mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Ukishuka, inapotea kwa kasi ile ile. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya bawa la ukubwa huu. Kwenye kilomita 110 kwa saa, ambao ndio mwisho wa sheria, hata likipata hewa isiyovurugwa linakandamiza kama kilo 9. Hizo ni pakiti nne za unga na kitu juu. Kwenye kilomita 50 zinabaki kilo 2, pakiti moja. Na Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 17, na hesabu yangu ilishalitoa hilo. Maana yake, mjini bawa lenyewe ni zito kuliko kazi linayofanya. Kwenye mzunguko ule wa Aprili, kwa kilomita 40, lisingenisaidia chochote.

Barabara kuu nilienda Jumamosi alfajiri, Nakuru hadi Gilgil na kurudi. Mzee alikuwa amelifunga kwa mwinamo wa digrii 10, nilizopima kwa simu. Baada ya Mbaruk, nikikaribia 110, usukani ukawa mwepesi, si sana, lakini mikono ilijua. Ukiwahi kubebwa na boda yenye gunia lililopita tairi la nyuma utaelewa: mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, pua huinuka. Na MR2 pua yake ni nyepesi tangu kiwandani. Nikateremsha hadi digrii 3 na ule wepesi ukaisha. Wanaolisimamisha bawa kwa digrii 20 ili lionekane kali wajue kwamba kufikia hapo hewa imeshaachana na upande wa chini, na walichobaki nacho ni breki ya hewa wanayoilipia petroli.

Kilichotibu mkia ni kitu kingine. Mzee, akiwa amechuchumaa akifuta vumbi, alinionyesha tarakimu nne pembeni ya tairi la nyuma: 2314. Wiki ya 23, mwaka 2014. Kashata, yaani meno ya tairi, bado zilikuwa nzuri, lakini mpira ulikuwa mgumu kama kisigino. Nilipobadilisha matairi mawili ya nyuma gari likawa jingine kabisa kwenye mvua. Baadaye nikakumbuka kwamba Toyota wenyewe, walipotaka kutuliza mkia wa gari hili mapema miaka ya 1990, walibadilisha vyuma vinavyoshikilia magurudumu ya nyuma na kutoka magurudumu ya inchi 14 kwenda 15. Hawakuanzia kwenye bawa.

Mengine madogo. Buti haisimami tena yenyewe, uzito umeishinda, kwa hiyo natembea na kipande cha mti wa fagio. Nikitazama kioo cha nyuma naona bawa limekata katikati, jambo ambalo mchana linaudhi na usiku linanikinga na taa za malori. Vijana wa kuosha magari hulishika kama mpini wanapolisukuma gari, nimewaonya, wamecheka. Kwenye matuta bawa halitikisiki hata kidogo, na hiyo ni kazi ya zile sahani za chini.

Bawa nalipa nyota mbili na nusu kati ya tano. Muuzaji, moja. Mzee nampa nne na nusu, ile nusu ni ya gazeti. Sitalitoa, kwa sababu nikilitazama kutoka dirishani asubuhi linanifurahisha, na mashimo manane kwenye buti hayarudi kuwa bati. Stika ya kaboni imeshatoka upande mzima wa kushoto. Jumamosi nampelekea mzee alipake rangi nyeusi ya kawaida.