Mapambo makubwa ya harusi na Sikukuu: kipi ukitangulize, kipi ukiache dukani

Kidani kikubwa hugeuzwa nyuma kabla hakijajaribiwa shingoni. Mbele ndiko fundi alikokusudia utazame; nyuma ndiko kuliko na lehemu, matundu, vipete vya kuunganishia na kishikizo, na huko ndiko kinakovunjikia. Kwa jasho, marashi na hewa yetu ya chumvi, pambo zito lenye kiungo dhaifu halimalizi msimu wa harusi. Kazi za mafundi na wabunifu wanaojitegemea tumezipanga hapa kwa kuangalia kwanza kitakachodumu Unguja na Pemba.

1. Fedha ya kuagiza kwa sonara

Tunaitanguliza kwa sababu anayekutengenezea yupo Mji Mkongwe, na kikikatika unamrudishia. Agiza fedha 925, yaani sehemu 925 za fedha katika 1000, zilizobaki kwa kawaida ni shaba. Fedha tupu ni laini mno kwa bangili pana, hupindika. Muhuri wa 925 peke yake usikutulize, maana hata kilichochovywa fedha juu tu huweza kupigwa muhuri. Mwombe sonara akwangue mahali pasipoonekana kisha ajaribu kwa dawa. Sumaku ikinata, ndani mna chuma. Isiponata bado hujapata jibu, kwani shaba nayo hainati.

Sharti la pili: kila kipete kilehemiwe. Kipete kilichobanwa kwa koleo tu hufunguka chenyewe kwa uzito. Kwenye kidani kizito chagua kishikizo cha ndoana; kile cha kubonyeza kina springi ndogo ya chuma inayoshika kutu.

Bangili kwa vipimo vya Kihindi: 2-4 ina upana wa ndani wa milimita 57 hivi, 2-6 ni 60, na 2-8 ni 63 na nusu. Kutanisha kidole gumba na cha mwisho, pima mzunguko wa kiganja kwenye vifundo, gawa kwa 3.14. Bangili pana sana, panda saizi moja.

Ukiuziwa kidani chenye riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, usilipie mwaka 1780 ulioandikwa juu yake. Sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo kwa vizazi vingi, basi haithibitishi ukale. Riale ya haki ina uzito wa gramu 28 hivi na fedha sehemu 833 katika 1000. Ikiwa na kitanzi, itazidi kidogo.

2. Gamba la chaza na nusu lulu za Fumba

Hakuna pambo linaloonesha asili ya kwetu kuliko hili. Akina mama wa Ghuba ya Menai hufuga chaza, hubandika vipande vya nusu duara ndani ya gamba, na mnyama huvifunika taratibu kwa tabaka zinazong'aa. Inua lulu kwenye mwanga: ukiona ufa, au kipande cha ndani kinaonekana, tabaka ni jembamba, iache. Tundu likikaribia mno ukingoni, gamba litameguka. Shanga nzito zifungwe fundo baina ya moja na nyingine, ili uzi ukikatika usipoteze zote.

Ndimu na siki ni marufuku hapa, kwa sababu asidi hula gamba. Jifukize udi na ujipake marashi kwanza, kidani kivaliwe mwisho. Ukirudi, kifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

3. Shaba kutoka Nairobi

Kwa umbo la kishindo, wabunifu Adèle Dejak na Ami Doshi Shah wanastahili sifa zao. Dejak hutumia shaba iliyoyeyushwa upya na pembe za ng'ombe wa Ankole. Tatizo ni ngozi: shaba, jasho na chumvi huacha kijani. Shaba yenyewe husafika kwa ndimu na chumvi, kisha isuuzwe na ikaushwe vizuri, lakini pembe isiguswe na mchanganyiko huo wala isiachwe juani, itapasuka. Vipuli uulize uzito kabla ya kuagiza. Vya kuvaa kutwa, kila kimoja kisizidi gramu 10. Zaidi ya hapo ndewe hunyooka.

4. Shanga

Karakana ya Kazuri ya Nairobi, iliyopo tangu 1975, hutengeneza za udongo. Karakana iitwayo Shanga, ya Arusha, hutumia vioo vilivyotumika. Rangi hazichujuki. Zikianguka sakafuni, basi.

5. Ya kuchovya dhahabu

Uliza unene wa dhahabu, unaopimwa kwa maikroni (sehemu ya elfu ya milimita). Nusu maikroni hutoka upesi panaposuguana na ngozi; 2.5 juu ya fedha hustahimili. Muuzaji asiyejua jibu, mlipe bei ya pambo la usiku mmoja.

Gamba la ng'amba na pembe ya ndovu usinunue kabisa, hata ukiambiwa ni vya zamani: biashara yake ya kimataifa imekatazwa na vitazuiliwa forodhani. Na shanga za kaharabu zijaribiwe kwa tone la spiriti mahali pa kujificha. Zikinata kidoleni, umeuziwa sandarusi, utomvu wa miti ambao haujakomaa kuwa kaharabu.