Kaseti za kurekodia treki nne nyumbani: ya kwanza hadi ya mwisho

Mtu akipata mashine ya treki nne iliyotumika, yaani rekoda ya kaseti inayorekodi sauti nne kila moja kwenye mstari wake wa utepe, iwe Tascam 424 au Fostex X-15, mara nyingi pesa zote huishia kwenye mashine, kisha hutia kaseti ya kwanza atakayoikuta kabatini. Wiki moja baadaye analalamika kwamba mashine ni mbovu. Kabla hujampelekea fundi, angalia kaseti.

Utepe wa kaseti una upana wa milimita 3.81. Rekoda ya kawaida hutumia nusu yake kwa upande A na nusu kwa upande B. Mashine ya treki nne inauchukua wote kwa safari moja, kwa hiyo kila treki inapata kama milimita 0.6, na upande B haupo tena. Portastudio 144, mashine ya treki nne iliyotoka 1979, inaukimbiza utepe huo sentimita 9.5 kwa sekunde, mara mbili ya mwendo wa kawaida. Ndiyo maana C60, kaseti ya dakika 60 pande zote mbili, ndani yake ni dakika 15 tu. Kwenye mashine za mwendo wa kawaida unapata 30.

Jambo la pili ni aina ya utepe. Mashine nyingi za treki nne zimepangwa kiwandani kwa Aina ya II, ile iliyoandikwa "High Bias" au "CrO2". Bayasi ni mkondo wa masafa ya juu ambao mashine huuchanganya na sauti ili utepe uipokee bila kuipotosha, na kwenye mashine hizi kwa kawaida hakuna swichi ya kuubadilisha. Ukitia Aina ya I, bayasi inauzidia utepe na sauti za juu zinafifia: manyanga yanasikika kama yamefunikwa blanketi. Kama mashine yako ina dbx, mfumo wa kupunguza kelele ya utepe, hasara inaongezeka, kwa sababu dbx hupanua sauti mara mbili inapocheza. Utepe ukipunguza desibeli 2, wewe unasikia zimepungua 4.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa TDK SA 60 au Maxell XLII 60, ambazo karatasi ya nailoni haijafunguliwa. Zote ni Aina ya II, na zote ni akiba ya zamani. Sioni haja ya kubishana ipi bora kati ya hizo mbili. Nunua utakayoipata kwa bei nafuu, ila ukishaanza na moja, kaa nayo mpaka albamu iishe. Tahadhari ni feki, na sisi tuliokua na maduka ya kanda tunazijua. Aina ya II ya kweli ina vishimo viwili vya ziada juu, karibu na vijino vya kuzuia kufuta, na utepe wa SA ni wa rangi nzito, karibu na weusi. Ukiona kahawia nyepesi yenye wekundu kama kutu, humo ndani kuna Aina ya I hata kama gamba limeandikwa SA.

Ya pili ni kaseti fupi za Aina ya II zinazojazwa kwa oda, dakika 20 au 40, na watu wanaohudumia lebo ndogo za muziki. Ufupi ni faida kubwa: wimbo mmoja, kaseti moja, na hutafuti mahali kwa nusu saa. Zingekuwa za kwanza kama zingepatikana kila siku.

Ya tatu ni Aina ya II iliyotumika mara moja tu. Ni rahisi na utepe ni mzuri, lakini jua hili: mashine hufuta treki unayorekodi peke yake. Kama kaseti ilikuwa na muziki pande zote mbili, treki ambazo hujazigusa bado zina muziki wa zamani, na ule wa upande B unacheza kinyumenyume. Na nawaomba sana, hasa nyie wa pwani: kabla ya kufuta kanda ya nyumbani, isikilizeni mpaka mwisho. Harusi ya mtaani, maulidi, bibi akisimulia, vikundi vya taarab ambavyo havikuwahi kuingia studio, vingi vimebaki kwenye kaseti moja tu. Hiyo inunue, uihifadhi, kisha utafute nyingine ya kurekodia.

Nne: kaseti mpya za Aina ya I, kama Fox C60 ya Recording the Masters wa Ufaransa, au Maxell UR. Ni nzuri kwenye rekoda ya kawaida. Kwenye treki nne mimi nazitumia kwa mazoezi na kwa gitaa la besi.

Kaseti za metali, Aina ya IV, ni ghali na hazifai hapa. Zinataka bayasi kubwa kuliko mashine hizi zinavyotoa, na hedi ya kufuta, yaani kichwa cha sumaku kinachofuta utepe, inaweza kushindwa kuzisafisha.

C90 niliacha baada ya kuharibu sauti ya shangazi yangu. Nilirudisha nyuma mstari uleule zaidi ya mara arobaini nikijaribu kupachika sauti ya pili, na utepe ukalegea pale pale. Mpaka leo neno la mwisho linapinda. Utepe wa C90 una unene wa mikroni 12 hivi, wa C60 ni kama 16 hadi 18. C120, yenye mikroni 9, usiitie kabisa.

Ukiipokea kaseti, iangalie dirishani: ukungu mweupe pembeni mwa utepe, maana kwetu unyevu ni mwingi, basi irudishe. Geuza kwa kalamu ya Bic. Ikikwama, gamba limepinda. Kisha chungulia katikati ya mdomo wake, kile kijipande cha sufu juu ya springi kinachoukandamiza utepe kwenye hedi. Gundi yake hukauka na kikaanguka, na bila hicho hakuna sauti ya juu itakayobaki. Magamba yenye skrubu tano hufunguka, unaweza kukihamisha kutoka kaseti nyingine. Yaliyogandishwa hayafunguki bila kuvunjika.

Ikipita hapo, isokote mpaka mwisho na kuirudisha, ruka kile kipande cheupe cha mwanzo, halafu rekodi noti moja ya kibodi kwa dakika mbili kwenye treki ya 1 na ya 4, zile za ukingoni. Noti ikiyumba, kingo zimechakaa, na treki zako za maana zipeleke 2 na 3.