TAHADHARI: Fundi wa "kutoa tope" kwenye rejeta ni tapeli, msimpe gari

Jamani, nimepigwa. Naandika nikiwa na hasira mpaka mikono inatetemeka, na aibu pia ninayo, maana mnanijua, mimi si mtu wa kubeba fundi yeyote barabarani. Ila nikinyamaza kesho atampiga mwingine, na pengine ni mmoja wenu, kwa sababu anazunguka maeneo yetu haya haya, Tabata, Segerea mpaka Kinyerezi. Ni yule fundi wa kuja nyumbani anayejitangaza kuwa anasafisha rejeta, ile inayopoza maji ya injini, kwa mashine. Jina lake silitaji hapa, suala liko polisi na RB, ile namba ya taarifa ya polisi, nimeshachukua. Lakini ukitumiwa video ya mpira unaoonyesha ndani unaotema maji meusi kwenye ndoo nyeupe, ujue ndiye huyo.

Gari ni ile ile Toyota IST yangu, na shida yake mnaijua tangu ile safari ya Morogoro. Ukiwa kwenye foleni mshale wa temperecha unapanda, ukipata barabara ukakimbia unashuka.

Sasa sikieni alivyofanya. Alikuja asubuhi na kijana wake, mashine wameipakia kwenye guta. Ovaroli imepigwa pasi, glavu mkononi. Akamkuta mama kibarazani, akamwamkia shikamoo huku ameinama kabisa, akamuuliza na hali ya mguu. Gari hakuligusa. Akaniambia, "Dada, injini ikiwa ya moto mfuniko wa rejeta haufunguliwi, yale maji yana presha, yatakubabua uso. Tusubiri ipoe." Tukasubiri. Na hilo alilosema ni kweli tupu, fundi yeyote mwenye akili atakwambia hivyo hivyo. Wakati tunasubiri akanieleza kwamba maji ya visima vya huku yana chumvi, yanakula vyuma vya ndani, kutu inakuwa tope na tope linaziba vijia vyembamba vya rejeta. Akasema ukichanganya kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, za aina mbili zisizopatana zinaweza kuganda humo ndani kama uji. Hayo nayo ni kweli, nimekuja kuyahakikisha baadaye. Maji ya kisima chetu mnayajua, sabuni haitoi povu. Mtu anakueleza tatizo la nyumba yako kana kwamba anakaa humo, utamtilia shaka ya nini?

Akafunga mpira mmoja juu ya rejeta, mwingine ukatoka kwenye lile boksi la mashine kuingia kwenye ndoo. Akanivuta karibu. "Simama hapa dada, uone mwenyewe, usije ukasema nimekula hela yako bure." Akawasha mashine. Maji yakapita meupe, nikayaona kwa macho yangu. Akagonga boksi kwa spana, akazungusha kikoki fulani pembeni, na hapo ndipo likaanza kuja. Tope jeusi, zito, linasukumana ndani ya mpira, linaangukia ndooni kwa mafungu, harufu ya kutu imejaa uani. Akavua glavu, akachovya kidole, akanipaka kiganjani. Nikalisugua, lina chenga zinazokwaruza. Kisha akatoa sumaku mfukoni, akaichovya ndooni, tope likasimama juu ya sumaku miiba miiba. "Unaona hiki? Hiki ni chuma cha injini yako, dada. Inajila."

Mama akashika kifua, akasema gari hili lingetuua njiani. Mimi nilikuwa natazama ile miiba kwenye sumaku, sikuwaza kitu kingine. Nikalipa 280,000. Ndani yake kuna 100,000 ya kulanti aliyosema ni ya Japani, na "dawa" aliyomimina kutoka kwenye chupa ambayo lebo imebanduliwa. Dawa ilitoa povu na mvuke unaochoma pua. Akasema ndivyo uchafu unavyokufa.

Siku za mwanzo mshale ulilala chini kabisa. Nikamsifu kwenye kundi la wazazi, wengine niliwapa namba yake. Naomba sana, ifuteni leo.

Gari likaja kuchemka juu ya daraja la Kijazi pale Ubungo, jua la saa nane, mama yuko kiti cha mbele tunamuwahisha kliniki. Moshi mweupe, honi nyuma, daladala zinatupita konda anachungulia na kupiga kelele. Sitaki hata kukumbuka. Tukavutwa mpaka kwa yule fundi wetu mzee wa Ilala.

Mzee alipofungua, kwanza thamostati haipo. Imetolewa, ila kifuniko chake kimerudishwa vizuri kabisa. Ile ndiyo inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, na ukiwa barabara nyeupe mshale unalala, mwenye gari unafurahi ukidhani umepona. Pili, ile kulanti ya Japani ni maji ya rangi. Mzee alinipa niiguse vidoleni, kavu, wakati kulanti halisi inateleza. Tatu, rejeta imetoboka vitundu vitundu. Rejeta ya gari hizi ni alumini na ile dawa ni asidi, asidi inakula alumini. Zile za zamani za shaba ungempelekea mtu akalehemu, hii ni kununua nyingine. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi iliyo juu yake, nayo imeondoka, na kama hedi imepinda hatujajua, imepelekwa kupimwa.

Na lile tope? Mzee aliniuliza swali moja nikaishiwa nguvu. Bloku ya injini hii ni alumini, hedi alumini, rejeta alumini. Sumaku haivuti alumini. Kutu kidogo ya bomba, sawa, lakini chuma cha kujaza ndoo kilitoka wapi? Kilitoka kwenye boksi lake! Chenga za chuma kwenye oili chafu, anatembea nazo. Dada mmoja wa Kinyerezi, rejeta yake ilikuwa mpya, hata mwezi haijamaliza, naye alitolewa tope lile lile na kuonyeshwa sumaku ile ile.

Ugonjwa wenyewe wa gari ulikuwa feni. Mota ya feni ya rejeta imekufa, ndiyo maana ilikuwa inapata moto kwenye foleni na kupoa ikikimbia, kwa sababu upepo wa barabarani ndio ulikuwa unafanya kazi ya feni. Yule mtu hakuwasha gari hata mara moja kuangalia kama feni inazunguka. Hilo peke yake lishikeni. Na lipa namba yake inatoa jina la mtu mwingine, anasema ni la mke wake. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hana, anakuandikia kwenye kikaratasi. Ukitaka kusogelea boksi, kijana wake anajiweka katikati. Thamostati ya zamani usipopewa mkononi, hapo pana jambo.

Mimi huyu sitamsamehe. Amemwinamia mama yangu na shikamoo juu, huku anajua anamwagia asidi gari linalompeleka hospitali. Kujipatia fedha kwa udanganyifu kuko kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 302, kifungo mpaka miaka saba, na mimi nataka aile yote saba, na ile mashine ivunjwe mbele ya watu. Asiguswe na mtu barabarani, namtaka mzima mahakamani. Na huyo kijana wake naye, maana ndiye anayechanganya lile tope.

Kama ulishawahi kumlipa, usifute ujumbe wa muamala. Askari anayeshughulikia suala langu amesema tukiwa wengi na kila mtu ana muamala wake kwenda kwenye namba ile ile, kesi inasimama. Nitumie inbox leo, picha ya muamala na tarehe tu, mengine tutaongea.