Rejeta yangu na ndoo ya kisimani: gereji moja hapa Malindi

Nianze na mazuri yao, maana yapo. Kijana aliyenioshea rejeta, ile inayopoza maji ya injini, kwa nje anaijua kazi. Alingoja injini ipoe, akafungua feni, akapitisha maji ya mpira polepole kutoka upande wa injini kuja mbele, na vumbi lote la barabara ya Sala likatoka pamoja na mbawa za panzi. Hakushika ile mashine ya kuoshea magari inayolaza vibati vyembamba na kuziba njia ya upepo. Nikamtilia na ya chai.

Taabu ni bosi wake.

Nilikwenda na kulanti yangu, ile dawa ya kijani ya kuchanganya na maji ya rejeta, na jerikeni ya maji yasiyo na chumvi, yale ya kutilia betri. Nikamwambia, "Fundi, mwaga ya zamani, suuza ndani, kisha uchanganye nusu kwa nusu." Akaitikia bila kuniangalia. Niliporudi kutoka kuswali adhuhuri, kifuniko kimeshafungwa, kulanti iko juu ya meza na lakiri yake, na chini ya bampa pana ndoo ya kisimani. Kumuuliza, akanijibu mbele ya wateja: "Mzee, maji ni maji. Kulanti ni ya Wazungu wenye barafu. Malindi hapa barafu iko wapi?" Watu wakacheka.

Barafu! Kwani kulanti kazi yake ni barafu tu? Ndiyo yenye dawa ya kuzuia kutu, na ndiyo inayofanya maji yachelewe kuchemka. Na visima vya karibu na bahari sote tunavijua, chai yake hainyweki. Maji hayo ndiyo ya kutia kwenye alumini?

Nikamkazania amwage. Akataka pesa nyingine ya ufundi, nikatoa. Akafunga boneti, akasema tayari. Nikachungulia, nikaona kijani, nikaondoka.

Miezi ikapita. Siku moja nimeshapita Mambrui naelekea Gongoni na abiria, geji ya joto ikapanda, mvuke ukatoka boneti nzima. Fundi wa huko alipochomoa paipu ya juu, mdomo wa rejeta ulikuwa na unga mweupe umeganda. Akaupangusa kwa kidole gumba. Chini yake alumini imechimbika vidotovidoto. Aliyoyamwaga akayaonja kwa ncha ya ulimi, akatema: "Mzee, hii ni bahari." Yule bwana hakumwaga kitu, alipunguza kidogo tu akanirembea juu kwa kulanti!

Nimerudi kwake. Ati rejeta za siku hizi ni plastiki, hazidumu. Hata pole hakusema.

Nilitaka kuandika kwamba kwa kuosha nje muende tu. Sasa naona hapana, hata hiyo msiende. Yule kijana akifungua pake, nitakuwa mteja wa kwanza. Na kulanti yangu iliyobaki, zaidi ya nusu ya galoni, mpaka leo iko pale kwao, nikiiuliza naambiwa njoo kesho.