Kishikwambi kinachoniambia "muulize mama"

Mimi ni mkunga kwenye kituo cha afya kimoja hapa Moshi, upande wa tambarare. Tangu Machi tunatumia programu ya kishikwambi inayotukumbusha kuzungumza na wajawazito kuhusu chanjo ya pepopunda na dondakoo. Naipa nyota nne.

Jumatatu benchi letu linajaa kabla ya saa mbili asubuhi. Unapima presha, wingi wa damu, kimo cha mimba, unasikiliza mapigo ya mtoto, unajaza kadi na rejista. Chanjo ilikuwa imebaki maneno mawili tu: "Mama, mkono." Anachomwa, anaondoka hajui amechomwa nini, na dozi ya pili haji.

Nilichokipenda ni kwamba ujumbe hausemi "mchome". Unasema: "Muulize mama amesikia nini kuhusu chanjo hii." Nilihofia foleni. Lakini wiki ya pili nilimuuliza binti mmoja, mimba yake ya kwanza, akainamisha kichwa. "Sista, si ndiyo ile ya kufunga uzazi? Mama mkwe kasema nisikubali."

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia haifungi uzazi. Vimelea vya pepopunda vimo kwenye udongo na samadi, na yeye ndiye anayebeba samadi ya ng'ombe wao kwenda shambani. Kwamba kinga itakayojengeka mwilini mwake itapita kwenye kondo la nyuma imfikie mtoto, imlinde siku zile kitovu bado kibichi. Alikubali. Baada ya wiki nne alirudi kwa dozi ya pili, amefuatana na mama mkwe. Yule bibi akaniambia mdogo wake aliwahi kupoteza kichanga: kiliacha kunyonya, taya likabana, kikakakamaa, siku ya nane kikafa. Hakuwa amejua kamwe kwamba sindano hii ndiyo ya ugonjwa ule. Siku hiyo niliwachelewesha watu benchini, na sijutii.

Programu hufanya kazi hata mtandao ukikatika, hilo wamelipatia.

Kinachoniudhi ni kwamba ujumbe hutokea wakati wa kufunga faili, mama ameshajitanda kanga, mkoba begani, anawaza bodaboda. Mazungumzo gani hapo? Pia haipokei dozi zilizotolewa kwingine. Dozi tano zikitolewa kwa mpangilio zinamtosha mwanamke miaka yake yote ya kuzaa, lakini mama wa mimba ya nne, mwenye dozi zake zote kwenye kadi ya zamani, programu inamdai ya kwanza. Mkunga mgeni anaweza kumrudisha mwanzo bure.

Tumewaandikia waitengenezao wauhamishie ujumbe mwanzoni, kabla ya presha. Wakilitengeneza hilo na suala la kadi, nitaongeza nyota. Kwa sasa naulizia chanjo mama akiwa ndiyo kwanza anakaa, nikifika mwisho nabonyeza "tumezungumza".