TAHADHARI: "Beetle ya Safari Rally ya 1962" inayouzwa Nakuru

Wapenzi wa magari ya zamani, hasa nyinyi wa Kisumu, Kakamega na Eldoret mnaonunua kwa kuangalia picha: kuna Volkswagen Beetle ya rangi ya krimu inayotangazwa mtandaoni kwamba iko Nakuru. Maelezo ni haya: gari ni la 1962, lilikimbia Safari, limekarabatiwa kuanzia chini hadi juu, injini ni 1600, logibuku iko mkononi. Bei laki nne unusu na tunaongea, ila utume kwanza elfu sitini ya kushikilia gari maana kuna mteja wa Nairobi yuko njiani. Usitume. Tangazo liliondolewa tulipopiga kelele, na sasa limerudi kwa jina jingine na namba nyingine ya simu. Picha ni zile zile. Kwenye ile ya upande wa dereva utaona ndoo ya bluu kando ya gurudumu la nyuma.

Jina la muuzaji siliandiki hapa. Anayo mengi, na suala liko polisi.

Naandika kwa urefu kwa sababu huyu si tapeli wa kawaida. Tapeli wa kawaida hana gari. Huyu analo, utaliona kwa macho, utaliwasha na litawaka, na logibuku atakayokuonyesha ni halisi kabisa. Hapo ndipo watu wanapomalizwa.

Anajua pia kwa nini tunababaika. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo Beetle zilizobaki nchini ndizo hizo hizo, na kila moja inayookotwa kwenye shamba la Njoro au nyuma ya nyumba Kericho inapanda bei. Halafu tangu 2021 Safari imerudi kwenye ubingwa wa dunia na inakimbiwa Naivasha, humu humu kaunti ya Nakuru, kwa hiyo msimu wake ukifika kila mwenye bati kuukuu ana hadithi ya mashindano. Ya huyu ameisuka vizuri, maana ni kweli Volkswagen ilishinda Safari mwaka 1954, ikashinda 1957, na mwaka 1962 Tommy Fjastad akashinda tena. Akikutajia mwaka huo, na ukienda kusoma ukaukuta, unaanza kumwamini mengine yote.

Kijana wa dada yangu anakaa Mamboleo, Kisumu. Alituma elfu sitini Alhamisi jioni, ndipo akanipigia: "Mjomba, nimepata Beetle. Utanisindikiza tukaione?" Nikamwuliza kama amekagua rekodi. Alikuwa amekagua, tena vizuri: aliingia kwenye huduma za NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, akalipa shilingi 550, na majibu yakaja safi. Namba ya usajili ni zile za kale zisizo na herufi mwishoni, jina la mwenyewe lipo, namba ya chesisi ipo, hakuna benki inayolidai. Jumamosi tukakutana Nakuru.

Gari lilikuwa kwenye ua wa nyumba, upande wa barabara ya Njoro, limeoshwa na matairi yamepakwa mafuta. Muuzaji ni mtu mcheshi, anakuita "mzee wangu" kabla hujaketi. Akafungua boneti ya mbele, akatuonyesha kibati cha utambulisho nyuma ya tairi la akiba. Namba yenye tarakimu saba, sawasawa na ya logibuku. Mpwa wangu akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Mimi nilikuwa natazama ripiti, zile pini zinazokishikilia kibati kwenye bodi. Kibati kimezeeka, kimechubuka, herufi zimefifia. Ripiti zake zinang'aa kama sufuria mpya.

Nikamwomba ainue kiti cha nyuma. Anayejua Beetle anajua kwamba namba halisi ya chesisi imegongwa kwenye chuma, juu ya ule mgongo unaopita katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Kiti chenyewe hakifungwi kwa chochote cha maana. Unakivuta juu kinatoka, kwa sababu betri iko hapo hapo chini, upande wa kulia. Akasema kiti hakitoki, fundi amekifunga ili kisitoe kelele barabarani. Kuinama, nikaona skrubu nne za mbao, zile za kutengenezea kabati. Nikamwuliza huwa anaongezaje maji ya betri. Akacheka, akaenda kupokea simu. Nina bisibisi mfukoni, nikazifungua.

Sakafu yote ilikuwa imepakwa lami nzito, na juu ya ule mgongo ilikuwa nene kuliko kwingine. Nikakwangua kwa kipande cha mbao nikapangusa kwa kitambaa chenye petroli. Ikatokea namba ya tarakimu tisa, inaanza na 118.

Kwa asiyejua: Beetle za 1962 zina namba ya tarakimu saba. Kuanzia modeli ya 1965, Volkswagen ilianza kutumia tarakimu tisa. Mbili za kwanza, 11, ni aina ya gari, na ya tatu ni mwaka wa modeli. Kwa hiyo 118 ni modeli ya 1968. Gari la mwaka huo haliwezi kuwa lilikimbia Safari ya 1962, na wala si gari lililoandikwa kwenye logibuku. Logibuku ni ya gari lililokufa zamani. Kibati kilitolewa kwenye mzoga wake kikaja kupigwa ripiti hapa. Rekodi za NTSA zilirudi safi kwa sababu karatasi ni safi. Mfumo unakuambia habari za karatasi, hauinui kiti.

Beetle inarahisisha mchezo huu kuliko magari mengi. Bodi imefungwa kwa bolti juu ya sakafu, kwa hiyo fundi mwenye spana na vijana wanne wa kuinua anaweza kuvalisha sakafu yoyote bodi yoyote kwa siku moja. Hata taa za mbele zilisema. Hadi katikati ya 1967 kioo cha taa kililala kufuata mteremko wa madigadi. Baada ya hapo taa zikasimama wima. Za gari hili ziko wima. Alipoulizwa alisema madigadi zilibadilishwa, na hilo linawezekana, zinafungwa kwa bolti tu. Lakini kioo cha nyuma ni kile kikubwa kilichoanza na modeli ya 1965, na kioo hakibadilishwi kwa bolti.

Injini? Hiyo 1600 ni maneno. Kwenye bloku, chini ya kikalio cha dinamo, namba inaanza na F, na F ni 1300. Hata bila kusoma namba, 1600 anayoisifu ya matundu mawili huonekana kwa macho: bomba la kuingiza hewa linagawanyika mara mbili linapofika kwenye kila hedi. Hili linaingia moja kwa moja. Injini yenyewe haikuwa mbaya, inalia vizuri. Angeiuza kama 1300 ya 1968 angepata mteja, na labda ningekuwa mimi.

Bodi sina la kusema sana. Sumaku niliyoifunga kwa kitambaa ilishika paa na milango. Chini ya milango, kwenye zile njia za hita, ilidondoka kila nilipoiweka. Fila tupu, ile lepu ya kuziba mashimo ambayo sumaku haiishiki, na nyuma ya fila kutu. Fila peke yake si utapeli, gari langu mwenyewe linayo na nilimwambia fundi aipake. Ila njia za hita ndizo zinazoipa bodi nguvu. Tulipopiga jeki pembeni, mlango wa dereva ukagoma kufungika.

Tulipomwonyesha namba akabadilisha wimbo: mwenye gari ni marehemu, familia imekubali, hiyo tofauti "italainishwa" ofisini. Sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu magari mengi ya kale yana habari ya marehemu na nyingine ni za kweli. Mwenye gari akifa, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi mwenye hati ya mahakama. Mjane mwenyewe bila hati hiyo hawezi kukuhamishia, sembuse dalali. Na uhamisho siku hizi huanzia kwenye akaunti ya muuzaji, wewe unakubali kwenye yako. Anayesema "nipe pesa, logibuku nitakutumia na matatu" hana akaunti ya kuanzisha chochote.

Hatari si ya kupoteza pesa tu. Ukinunua gari lenye namba mbili, siku polisi wakilikagua linabaki kituoni, na wewe ndiwe unayeeleza ile sakafu ya 118 ni ya nani. Huenda iliibwa. Huenda mwenyewe yuko Molo anaitafuta.

Zile elfu sitini hazikurudi. Kwanza zilikuwa zimeshapewa fundi, kisha tusubiri Jumatatu, kisha simu haipiti. Ujumbe wa M-Pesa ulionyesha jina la mwanamke ambaye hatukumwona pale wala hakutajwa popote kwenye mazungumzo. Jina likitofautiana na la mtu unayeongea naye, simama hapo hapo. Nimesikia pia kwamba anapokea magari ya watu "kuyakarabati" na giabox hazirudi zilivyokuja. Hilo sikuliona mwenyewe, naliacha kwa waliopatwa walieleze.

Unayetaka Beetle usikate tamaa, zipo. Mafundi wa eneo la viwanda hapa Nakuru na wa Kibuye, Kisumu, wenye magari ya kweli, ukiwaambia unataka kuinua kiti wanakuinulia wenyewe. Omba mwenye gari akutumie video, si picha: kamera ianze kwenye namba ya usajili, iingie ndani bila kukatwa, kiti kiinuliwe, namba isomeke. Linganisha na rekodi ya NTSA tarakimu kwa tarakimu. Kama injini au rangi vilibadilishwa, logibuku inatakiwa iseme hivyo.

Uliyetuma pesa leo, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwenye namba 456 ya Safaricom sasa hivi kabla hajatoa, na namba yake uiripoti 333. Kisha nenda kituo cha polisi uandikishe kwenye OB, kitabu cha matukio, ukiwa na mazungumzo yote ya WhatsApp, usiyafute kwa hasira. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka mitatu. Afisa akikuambia hayo ni mambo yenu ya biashara, mtajie kifungu hicho.

Na kama una makubaliano ya kununua Beetle ya krimu yenye namba ya tarakimu saba kwenye karatasi, niandikie faraghani hata kama hukumaliza kulipa. Mpaka sasa nimeona makubaliano mawili ya gari hilo hilo, la mpwa wangu na la mama mmoja wa Kakamega, na afisa anayeshughulikia suala hili ametuomba tumletee yote kwa pamoja.