TAHADHARI: Kuna mtu anauza inkubeta (mashine za kutotolea vifaranga) za uongo hapa Mombasa, keshanila 14,500

Wafugaji wenzangu, haswa kina mama wa Likoni na Mtongwe, someni hii kabla hamjatoa pesa yenu.

Nimekaa nayo moyoni wiki mbili kwa aibu. Hata baba watoto sikumwambia kiasi kamili mpaka juzi. Lakini Jumamosi nikiwa kwenye feri nimemuona dada mmoja amekumbatia boksi lile lile, la manjano, lenye picha ya kifaranga. Mate yalinikauka. Nikamwendea mbio, geti likafunguliwa, watu wakamwagika, nikampoteza. Ndiyo maana naandika. Dada, kama unasoma, usitie mayai.

Kuku wangu wengi niliwapoteza, hayo siyarudii. Nilibaki na jogoo na makoo sita, hakuna hata mmoja aliyetaka kuatamia, na wateja wangu wa vifaranga wananingoja. Nikasema bora mashine.

Kibanda kiko upande wa kisiwani. Muuzaji ni mzee wa makamo, kofia ya viua kichwani, sauti ya chini. Aliponiona alisimama, akanivutia kiti, akamtuma kijana maji baridi. Mashine ilikuwa juu ya meza inawaka, kioo chekundu kinasoma 37.8. Akaniambia, "Fungua mwenyewe, mama, usione haya." Nikainua kifuniko, joto likanipiga usoni, na ndani vifaranga watano wanalia. Akamtoa mmoja akaniwekea kiganjani. Vile vikucha vinanikwaruza, ule moyo wake unadunda kwenye kidole changu. "Hawa wametoka alfajiri ya leo," akasema. Hapo mimi nilikuwa nishanunua, ilibaki kutoa simu tu.

Msiniambie sikuuliza. Niliuliza! Nikamuuliza joto, akanijibu 37.5 hadi 37.8 kwa mashine yenye feni. Nikamuuliza unyevu, akasema asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, baadaye upandishe 65 hadi 70, na tangu siku hiyo mayai usiyageuze tena. Kila neno lilikuwa sahihi, nimewauliza watu wa mifugo baadaye. Tena mimi nilitaka ile kubwa ya mayai 96, yeye ndiye aliyenikataza. "Kwa kuku sita utaijaza na nini, mama? Chukua ya 48, ukizoea utarudi." Mtu anayekataa pesa yako mkononi utamshuku vipi? Adhana ya adhuhuri ikalia, akaniomba radhi, akaenda kuswali, nami nikakaa mle dukani peke yangu na mali yake yote. Wallahi nilimwamini kama babangu.

Nikalipa 14,500 kwa M-Pesa. Jina lililotokea ni la mwanamke, akasema ni bintiye. Risiti? Kitabu kimeisha, lakini waranti mwaka mzima, nirudi tu na mashine.

Nikatia mayai 48, 18 yangu na 30 ya kununua kwa shilingi 30 kila moja. Siku ya 7 nikayamulika kwa tochi ya simu chumbani gizani, nione kama yanakua. Mengi yalikuwa meupe tu ndani, mengine yana duara la damu, yaani yamekufa, kumi na moja pekee ndiyo yenye mishipa ya kifaranga anayekua. Nikampigia. Akapokea upesi, akaniambia ni stima, ikipotea hata kwa muda wa saa mbili mayai huathirika. Na kweli ilikuwa imepotea. Nikamwomba msamaha kwa kumsumbua! Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Siku ya 21 nililala sakafuni kando ya mashine. Hakuna. Siku ya 22 usiku yai moja likatoboka tundu dogo kama punje ya mtama, nikamsikia analia mle ndani. Alilia mpaka karibu na alfajiri, akanyamaza. Wengine hawakufika hata hapo.

Kijana wa jirani, fundi wa redio, ndiye aliyeifungua. Akaichomoa sensa ya joto, waya akaushika mkononi. Kile kioo kikaendelea kuandika 37.8. Kule kwenye unyevu kikaendelea kuandika 60, na trei ya maji ni kavu kabisa. Hakipimi chochote, kimetengenezwa kuonyesha namba hizo tu! Tukaweka kipimajoto cha homa: pembe moja 34.6, chini ya waya wa moto 40.9. Feni haikuwa imeunganishwa.

Nikarudi na mashine kichwani. Kibanda kinauza viatu vya mitumba. Namba haipatikani tena.

Mtu huyu afungwe. Sitaki kusikia habari za kusameheana. Anakaa na akina mama wanaohesabu shilingi ya chama, anajua maswali yote tutakayouliza, anajifunza majibu ili atuibie vizuri. Arudishe kila senti na alale ndani, na mwenye kibanda aliyempangisha naye aitwe aeleze. Nimeandikisha polisi, ndiyo sababu jina lake siliandiki hapa. Nikimpata nitampeleka pia Mahakama ya Madai Madogo, wanasikiliza madai mpaka shilingi milioni moja na wakili si lazima.

Nilichokuja kukumbuka baadaye, nikiwa kitandani: yule kifaranga niliyemshika alikuwa na unga wa chakula mdomoni. Kifaranga wa alfajiri hiyo amekula nini na wapi? Kiini cha yai humtosha siku mbili hadi tatu bila kula. Na mle mashineni hamkuwa na ganda hata moja. Walinunuliwa kwingine wakatiwa.

Kwa hivyo ukienda kununua, nenda na kipimajoto chako, ukiweke pembeni na katikati, ungoje nusu saa hata muuzaji akikununia. Acha kifuniko wazi, kama namba haishuki ondoka. Jina la kulipia lisipokuwa la duka, usilipe. Na uulize ina nafasi ya betri, maana stima yetu mnaijua.

Mwenye boksi la manjano kama langu aniandikie faraghani. Jumatatu saa tatu asubuhi narudi kituoni, na nimeambiwa tukiwa wengi faili itasogea. Njooni na mashine zenu, na ujumbe wa M-Pesa msiufute.